Karte ya sigara yenye ilikatwa pembeni: namna Wamarekani wanapima karte za zamani za baseboli

Mutu yeyote mwenye alishalipa na dola kwenye soko ya Goma, Bukavu ao Bunia anajua ile dakika ya kungoja. Muuzaji anashika noti, anaigeuza mbele na nyuma, anaiinua kwenye mwangaza, anapitisha kidole kandokando yake. Akikuta mupasuko mudogo tu, anairudisha: «Hii haiendi.» Noti ni ya kweli, namba zake ni za kweli, lakini juu ya ule mupasuko mwenyewe sasa anaanza kutafuta mutu mwenye ataipokea kwa bei ya chini.

Huko Marekani, kwenye hizo dola zinatoka, watu hawasumbuke sana juu ya noti yenye kupasuka kidogo. Lakini kuko karatasi ingine yenye Wamarekani wanachunguza kwa ukali kupita muuzaji yeyote wa Goma. Ni karte za wachezaji wa baseboli zenye zilikuwa zinawekwa ndani ya paketi za sigara, sasa inapita miaka 100. Karte moja ya ile namna, ndogo kuliko karte ya uchaguzi, iliuzishwa mwaka wa 2022 dola milioni 7,25. Karte ingine ya muchezaji mwengine wa wakati uleule, yenye pembe zimechakaa na alama ya kukunjwa katikati, mutu anaweza kuipata kwa makumi ya dola tu. Muchezaji ni nani, ile inahesabika. Lakini hali ya karatasi inahesabika vilevile, na hapo njo udanganyifu unaingilia.

Baseboli ni muchezo wa kupiga mupira mudogo na fimbo kisha kukimbia. Wamarekani wanaupenda tangu karne ya 19, sawa vile watu wa Kongo wanapenda futibali. Na sigara ilifika hapo namna gani? Kwenye miaka ya 1880, paketi za sigara zilikuwa za karatasi laini, na sigara zilikuwa zinavunjika ndani ya mufuko wa mutu. Kampuni zikaanza kuingiza kipande cha kartoni ili paketi isimame vizuri. Hawakukawia kuona kama ile kartoni ikiwa na picha ya kupendeza, mutu atarudia kununua sigara ileile ili apate picha ingine. Allen & Ginter ya muji wa Richmond ilitia picha za ndege, bendera, wanawake wa tiatre na wanamichezo. Goodwin & Co. ya New York, na sigara yake Old Judge, ilitia picha za mamia ya wachezaji wa baseboli.

Mwaka wa 1890, James Buchanan Duke alikusanya kampuni tano kubwa za sigara ndani ya moja, American Tobacco Company. Kisha hapo, mashindano yakapunguka sana, na karte nazo zikakuwa chache. Duke angetoa zawadi ya nini, wakati karibu sigara zote za inchi zilikuwa zake? Karte zilirudia kwa nguvu kati ya 1909 na 1911. Zile za miaka hiyo mitatu njo wakusanyaji wanaita T206. Mwaka wa 1911, Mahakama Kuu ya Marekani iliamuru kampuni ya Duke ivunjwe, juu ilikuwa imemeza biashara yote ya tumbako.

Karte ya T206 iko na upana wa karibu santimetre 3,7 na urefu wa santimetre 6,7. Mbele kuko picha ya rangi ya muchezaji, na ukingo mweupe kuizunguka. Chini kuko jina lake na timu yake kwa wino wa kahawia. Nyuma kuko tangazo la sigara: Piedmont, Sweet Caporal, Polar Bear, Old Mill na zingine, yote pamoja aina 16. Picha za mbele ziko zaidi ya 520. Kwa sababu picha moja inaweza kuwa na matangazo mbalimbali nyuma, mukusanyaji mwenye anaangalia uso tu anaweza kupoteza franga. Piedmont na Sweet Caporal ziko mingi. Drum, Uzit na Lenox ni za shida kupata, na muchezaji uleule anaweza kupanda bei mara mingi juu ya jina la sigara yenye iliandikwa kwa mugongo wake.

Ile «T» ni ya tumbako, na ile namba ilitoka kwa mutu mumoja: Jefferson Burdick, mufanyakazi wa kiwanda wa muji wa Syracuse, mwenye alikuwa anasumbuliwa na ugonjwa wa viungo. Alipanga karte za kila aina ndani ya katalogi, akazipatia namba. Kisha akatoa zake zote, zaidi ya 300 000, kwa jumba la makumbusho la Metropolitan huko New York. Miaka mingi alikuwa anaenda pale kuzibandika ndani ya vitabu na gundi. Alimaliza Januari 1963, akakufa miezi miwili kisha hapo. Leo mukusanyaji akisikia neno «gundi» anashituka, maana gundi nyuma ya karte inashusha bei palepale. Lakini namba za Burdick njo soko yote ingali inatumia.

Sasa, hali ya karte inapimwa namna gani? Mutu anaipeleka, analipa, kwa kampuni yenye kazi yake ni kupima tu. Zenye kujulikana zaidi ni PSA na SGC. Wapimaji wanaiangalia, wanaipatia pointi kuanzia 1 mpaka 10, kisha wanaifunga ndani ya plastiki ngumu yenye namba yake. 10 ni karte yenye inaonekana sawa vile ilitoka kiwandani leo asubui. 1 ni karte yenye iliteseka. T206 nyingi ziko chini, kati ya 1 na 4, na haishangaze: zilikuwa za watoto. Watoto walikuwa wanasimama kwenye mulango wa butiki ya sigara, wanaomba watu wakubwa ile karte yenye kuwa ndani. Kisha iliingia mufukoni, ikachezewa, ikafungwa na kamba pamoja na zingine, ikabandikwa ndani ya kitabu cha masomo.

Kitu cha kwanza chenye mupimaji anaangalia ni pembe zote ine. Pembe ya kartoni inachakaa mbele ya kila kitu, sawa kiatu kinavyochakaa kwenye kisigino. Pembe yenye imekuwa ya muviringo inaonyesha kama karte ilipita kwa mikono mingi. Kisha kunakuja kingo: ziko sawa, ao zimeng'oka kidogokidogo? Kisha uso: rangi imekwaruzika, kuko alama ya maji, kuko tundu la pini? Kunjo moja tu, hata yenye haionekane mpaka uinamishe karte kwenye mwangaza, inashusha pointi sana. Mwishoni, picha iko katikati ao imesukumwa upande mumoja? Ile haikuwa kosa la mutoto. Kiwandani walichapisha picha mingi kwenye karatasi moja kubwa, kisha wakakata, na mashini ya wakati ule haikujali milimita moja.

Hapo njo mutu anaweza kuelewa hatari. Kutoka pointi 2 mpaka pointi 8, bei inaweza kuruka kutoka makumi ya dola mpaka maelfu, kwa karte ya muchezaji mwenye hata Wamarekani wenyewe walishamusahau. Na kati ya pembe iliyochakaa na pembe ya kukata kuko nini? Makasi tu. Mutu anakata nusu milimita kila upande, ukingo wa zamani unaanguka chini, karte inatoka ikiwa kijana. Wakusanyaji wanaona ile kuwa wizi kama yule mwenye kufanya vile hasemi mbele ya kuuzisha. Karte yenye inajulikana ilikatwa haipate pointi kamwe. Inaandikwa tu kama ni ya kweli, lakini iliguswa.

Karte yenye ilifundisha watu ile mambo ni ileile ya bei kubwa kuliko zote za T206, ya Honus Wagner. Wagner alikuwa muchezaji wa Pittsburgh Pirates, mumoja kati ya wenye nguvu zaidi wa wakati wake. Karte yake ilianza kuchapishwa, kisha ikasimamishwa, na leo zenye zinajulikana ni karibu 50 mpaka 60 tu. Wengi wanaeleza kama alikataa juu hakupenda watoto wanunue sigara kwa sababu ya sura yake. Wengine wanasema alikasirika juu hawakumulipa. Yeye mwenyewe alikuwa anatafuna tumbako, na jina lake lilishatumiwa kuuzisha sigara za majani, kwa hiyo ile maelezo ya kwanza ni nzuri ya kusimulia lakini haitoshe peke yake.

Mwaka wa 1985, Bill Mastro, muuzaji mwenye kujulikana kati ya wakusanyaji, alinunua Wagner moja dola 25 000. Miaka miwili kisha hapo aliiuzisha dola 110 000. Ile karte ilikuwa ya ajabu: pembe kali, kingo safi, rangi mupya, wakati Wagner zingine karibu zote zilikuwa zimechoka. Mwaka wa 1991, Wayne Gretzky, bingwa wa hoki ya barafu, na mwenzake Bruce McNall waliinunua kwenye munada wa Sotheby's dola 451 000. Mwaka uleule kampuni PSA ilikuwa inaanza kazi. Karte yake ya kwanza kupima ilikuwa hii. Iliipatia 8.

Tangu hapo, ile 8 ikatembea na karte popote, na kila mutu aliinunua juu ya ile 8. Maduka ya Walmart iliitoa kuwa zawadi ya tombola. Mwaka wa 1996, mufanyakazi wa posta huko Florida aliishinda, lakini kodi ya zawadi ilikuwa kubwa kupita nguvu zake, ikabidi aiuzishe: dola 641 500. Mwaka wa 2000 ikapita milioni moja. Mwaka wa 2007, Ken Kendrick, wa timu ya Arizona Diamondbacks, alilipa milioni 2,8.

Miaka yote ile watu walikuwa wananong'ona. Kwa nini kingo za pembeni zimenyooka vile? Kwa nini karte ya mwaka wa 1909 haina hata alama moja ya kidole? Jibu lilikuja mwezi wa 10 wa mwaka wa 2013, kwenye tribinali ya Chicago. Mastro alikuwa ameshitakiwa juu ya udanganyifu kwenye minada yake, kwenye bei zilikuwa zinapandishwa na watu wa uongo. Alikubali makosa yake. Pamoja na hayo akakubali kama alikata pembeni mwa karte ya Wagner mbele ya kuiuzisha mwaka wa 1987, na hakumwambia mununuzi. Mwaka wa 2015 alihukumiwa miezi 20 ya kifungo.

Tuangalie vizuri kile kilifanyika pale. Karte haikuwa ya uongo. Wagner ni Wagner, wino ni wino wa 1909, kartoni ni ya 1909. Uongo ulikuwa ndani ya hali yake, kwenye kamba nyembamba ya ukingo yenye ilianguka chini ya meza. Na kwa sababu mupimaji alikuwa ameishaweka pointi yake, kila mununuzi aliangalia pointi, hakuangalia karte.

Wakusanyaji wa leo wako na njia zao za kuchunguza, na hata moja haitoshe peke yake. Ya kwanza ni kupima na rula. Karte fupi inaleta mashaka, lakini T206 zenye tangazo la American Beauty ni nyembamba tangu kiwandani, juu paketi ya ile sigara ilikuwa nyembamba. Mutu mwenye hajui vile anaweza kutupa karte nzuri. Ya pili ni kulinganisha pembe na ukingo. Kama pembe moja imechakaa lakini ukingo wenye kutoka pale uko mukali kama wembe, kitu hakiko sawa, maana pembe na ukingo vinazeeka pamoja. Karte ya kweli inazeeka pande zote, kama mutu.

Kisha kuko lupe, kioo cha kukuza vitu. Karte zenye zilichapishwa upya, na ziko maelfu kwa maelfu kwenye soko, zinaonekana hapo. Kwenye T206 ya kweli, jina la muchezaji ni wino wa kahawia wenye kujaa, bila matundu. Kwenye ile ya kuigwa, mara mingi herufi zimeundwa na vidoto vidogovidogo vya rangi mbalimbali, sawa picha ya gazeti. Taa ya mwangaza wa ultraviole inasaidia vilevile: karatasi nyingi zenye zilitengenezwa kisha vita ya pili ya dunia ziko na dawa ya kuongeza weupe, na chini ya ile taa zinawaka bluu. Kartoni ya 1909 haiwake. Na kama mutu alipaka rangi mupya kwenye pembe ili afiche weupe wa kuchakaa, ile rangi nayo mara mingi inajionyesha.

Kuko mambo yenye wakusanyaji wenyewe hawapatane. Karte yenye ilibandikwa ndani ya kitabu, wengi wanaona haiko vibaya kuiloweka ndani ya maji safi ili gundi ilegee, kisha kuikausha kati ya karatasi safi. Lakini kutumia javel ili ukingo urudie kuwa mweupe, ao kulainisha kunjo na pasi, wanasema hapana. Mupaka kati ya kusafisha na kudanganya uko wapi, hapo wanaweza kubishana mpaka usiku.

Mara moja moja kunatokea karte zenye kumaliza mabishano yote. Mwaka wa 2012, kwenye muji wa Defiance, jimbo la Ohio, watu wa jamaa moja walikuwa wanapanga vitu vya babu yao, wakakuta chini ya dari sanduku la kartoni lenye karte karibu 700 za miaka ya 1910. Zilikuwa za bonbon, hapana za sigara, lakini wachezaji ni walewale. Hakuna mutoto alikuwa amezigusa kwa miaka mia moja. Wagner moja kati yazo ilipata 10. Mwaka wa 2016, jamaa ingine ya kusini mwa Marekani ilikuwa inasafisha nyumba ya mababu, ikakuta mufuko wa karatasi uliokunjamana, kidogo tu uingie kwenye takataka. Ndani kulikuwa karte saba za Ty Cobb, zenye jina lake hata nyuma, kwenye tangazo la tumbako. Mbele ya hapo zenye zilijulikana dunia nzima zilikuwa karibu 15. Zilipimwa, zikapata kati ya 3,5 na 4,5. Si pointi kubwa, lakini hakuna mwenye alilalamika.

Ile habari ya mufuko wa karatasi inagusa kidogo hata watu wa mashariki mwa Kongo. Wakimbizi wengi wa Kivu walihamishiwa Marekani na sasa wanaishi Kentucky, Ohio, Texas na kwingine, na wanajua ile soko ya vitu vya zamani yenye watu wanapanga mbele ya nyumba zao siku ya posho. Mwenye atakuta pale kitabu cha picha ndogo za wachezaji wenye kofia, asisafishe, asibandue, asikate kitu, asitie ndani ya plastiki ya kuchoma na pasi. Apige picha mbele na nyuma, kisha apeleke kwa wapimaji. Na kama mutu anamutumia kwa WhatsApp picha ya Wagner, anasema ilikuwa ya babu yake na anaiuzisha dola 500 haraka haraka, basi. Wagner za kweli zinajulikana karibu moja kwa moja, na hata ile plastiki ya wapimaji watu walishaanza kuiga. Namba yenye iko juu yake inapaswa kuchunguzwa kwanza kwa kampuni yenyewe.

Tena Wagner hata mbaya namna gani haifike bei ile. Mwezi wa pili wa 2022 moja iliuzishwa yenye kupasuka: nusu yake haiko, ilipotea, hakuna mwenye anajua wapi. Wapimaji hawakuipatia pointi hata moja, waliandika tu kama ni ya kweli. Mutu alilipa dola milioni 1,5, na kile kilikosekana alikuwa anakiona na macho yake mwenyewe.